Magonjwa ya Akoo Hayahesabiwi

Familia yetu ilinipa mimi kazi ya kumtafsiria bibi hospitalini. Ni kama kumpa fisi ulinzi wa bucha, lakini hawakuwa na mtu mwingine. Mama anauza maziwa ya ngamia na asubuhi yote yuko kwenye mitungi, akigombana na watu wa basi. Ndugu yake, yaani mjomba wangu, ambaye sisi humwita abuya, ni dalali wa mbuzi, na dalali ukimpa maneno ya watu wawili abebe, kila mmoja atapata bei yake. Nikabaki mimi, Fomu Tatu, nyumbani likizo ya Agosti, mdomo mrefu na kazi hakuna.

Bibi tunamwita Akoo. Ni neno la Kiborana la bibi tu, lakini pale mtaani kwetu Wabera hata watoto wa Kimeru wa mwenye duka humwita hivyo. Kiswahili chake ni cha sokoni: anajua bei, salamu na matusi. Daktari akiuliza kitu, mimi nakigeuza Kiborana, kisha jibu lake nalirudisha. Mara ya kwanza alipolazwa, daktari aliuliza Akoo alipata choo lini. Nikamwambia Akoo kwamba kaunti inatafuta mbolea na imesikia sifa zake. Alicheka mpaka akakohoa. Daktari akanitazama, akasema, "Hayo maneno yalikuwa mengi kuliko yangu."

Haya ninayoandika ni ya mara ya tatu kulazwa, na mara ya tatu hakucheka.

Alikuwa amekaa kitandani, mgongo wima, mito imepangwa nyuma yake kama magunia ya mchele. Kulala hawezi. Akilala, maji yanapanda kifuani na anaamka akitafuta hewa kwa mikono. Miguu yake, ambayo siku zote ilikuwa myembamba kama ya swala, ilikuwa imefura mpaka ngozi inang'aa. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki pale, linakutazama. Na pumzi yake ilikuwa na sauti. Unajua soda ikiisha na mtu bado ananyonya mrija? Hiyo. Nilikaa nikiisikiliza hiyo soda inayoisha.

Daktari alikuwa dada mrefu kutoka upande wa Meru, koti jeupe juu, raba za rangi ya machungwa chini. Nilimpenda kwa sababu ya raba, halafu kwa sababu hakuwahi kuniambia "wewe ni mtoto, ita mtu mkubwa." Asubuhi hiyo alinivuta kando, karibu na dirisha.

"Nikwambie ukweli au nikupambie?"

"Pamba kidogo, daktari."

"Sina pambo leo. Moyo wa bibi yako umechoka, hausukumi damu vizuri, kwa hiyo maji yanabaki mwilini. Nampa dawa ya kuyatoa kwa mkojo. Hayatoki. Nikiongeza dawa, figo zinaumia. Nikipunguza, mapafu yanajaa. Nikivuta huku, kule kunapasuka."

"Sasa?"

"Kama mpaka jioni mkojo haujaanza kutoka, tutampeleka Nairobi kwa ambulensi. Huko kuna mashine ambazo hapa sina. Lakini na hiyo safari, kwa hii pumzi yake..." Akamtazama Akoo kitandani. "Mwambie. Polepole."

Nilimwambia Akoo polepole. Alijibu haraka.

"Mwambie sifii barabarani kama punda wa mchuuzi. Nikifa, nife mahali ninapojulikana."

Nilisimama katikati yao na lile jibu mdomoni. Siku nyingine ningelitia sukari. Siku hiyo nililitoa lilivyo, punda na yote. Daktari aliinamisha kichwa, akasema sawa, amesikia.

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, ambacho kilikuwa wazi, akatoa tableti yake na kunionyesha picha. Ilikuwa nukta nyingi sana na mistari inayokatana kila upande.

"Unaona nini?"

"Nywele za mwalimu wetu wa hesabu, Jumatatu asubuhi."

Akacheka kwa pua. Akaniambia ile ni ramani ya ndani ya mwili. Kila nukta ni protini, kifaa kidogo chenye kazi yake. Kila mstari unasema hivi viwili vinashikana mkono kazini. Na watu wanaochora hizi ramani wamegundua kwamba ugonjwa hauishi kwenye nukta moja. Unakaa mtaa mzima. Kuna mtaa wa moyo, kuna mtaa wa sukari, kuna mtaa wa figo, na mitaa hiyo inaingiliana.

"Wewe unakaa Wabera," akasema. "Wabera inaishia wapi?"

"Hakuna anayejua. Hata walioichora."

"Basi ndiyo hivyo. Nyumba ya mpakani ikiungua, moshi unaingia mitaa miwili. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo haji na moyo peke yake. Anakuja na presha, na sukari, na figo, na damu pungufu. Sisi tulizoea kumkatakata: huyu daktari achukue moyo, huyu achukue figo."

"Kama bucha."

"Kama bucha. Sasa hii elimu bado ni changa. Haiwezi kuniambia leo nimpe bibi yako kidonge gani. Lakini imenifundisha kubadilisha swali. Siulizi tena moyo una nini. Nauliza, ni nani mwingine yuko mtaani?"

Alichukua katoni ya glavu iliyokwisha, akaikunjua, akachora kwa kalamu nene. Moyo. Presha. Sukari. Figo. Damu. Akaunganisha kwa mistari. Kisha katikati akachora duara tupu.

"Angalia. Alipotoka hapa mara ya mwisho alikuwa sawa. Sasa figo zimeshuka, damu imeshuka, presha imepanda, moyo umezidiwa. Vyote pamoja, kipindi kimoja. Sukari haijatikisika. Kuna kitu kinashika hivi vinne na sukari hakiigusi. Kinakaa hapa." Akagonga lile duara. "Na mimi sikioni."

Sasa hapo, bila kujisifu, nilikuwa nimefika kwenye somo langu. Shuleni mimi ni kiwanda cha uvumi. Muhula uliopita nilianzisha habari kwamba Ijumaa tutapikiwa pilau ya nyama, na habari ikatembea mpaka kwa naibu mwalimu mkuu, ambaye alikuja darasani akinitafuta mimi moja kwa moja. Nilitaka kujua nani alinichoma. Nikachora: nani aliambia nani. Nikakuta wasichana wawili ambao hawasalimiani, lakini wote walikuwa na habari ileile, na kosa lilelile ndani yake. Watu wasioongea hawawezi kupata kosa moja. Lazima kulikuwa na mtu kati yao ambaye sikumchora. Nilimpata: mpishi, aliyekuwa anauliza kila mtu hiyo nyama inatoka wapi.

"Daktari," nikasema, "wewe unatafuta mpishi."

Nilimweleza. Alinitazama kwa muda kama mtu anayetaka kunipiga na kunikumbatia.

"Haya. Muulize tena kama kuna dawa nyingine anatumia. Ya duka, ya miti, ya jirani, yoyote."

Nikamuuliza. Akoo aliangalia dari.

"Mwambie sina."

"Akoo, ukweli."

"Nimesema sina. Unataka nihesabu nini?"

Daktari aliitwa wodi nyingine na raba zake zikaondoka zikilia sakafuni. Mimi nikabaki na ile katoni magotini na lile neno moja. Nihesabu.

Mtu wa nje hataelewa, kwa hivyo nieleze. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Ukimuuliza mzee ana ng'ombe wangapi, ni kama umemuuliza ana nguo ngapi za ndani. Atakwambia "wapo," na atakuangalia vibaya. Kutaja idadi ni kuita jicho la husuda. Hata watoto hawahesabiwi. Mama akiulizwa ana wangapi, anasema Mungu amempa. Na jambo lingine: ng'ombe hawawekwi boma moja. Unampa huyu ndugu mmoja akae naye, anywe maziwa, ndama wakizaliwa ni wako. Rafiki mwingine unampa mwingine. Kwetu huitwa dabare. Ukame ukipiga huku, au wezi wakija kule, hufilisiki. Akoo mwenyewe ana ng'ombe kule Oldonyiro kwa rafiki wa marehemu babu, ng'ombe ambaye anamwongelea kama mtu aliyepata kazi ng'ambo.

Nilipokuwa nimekaa pale ndipo ikaniingia. Akoo alikuwa amefanya magonjwa yake dabare.

Presha na moyo viko nyumbani, mama ndiye mchungaji. Sukari iko kliniki ya zahanati, anakwenda na kadi yake na hataji moyo, maana hajaulizwa. Siku moja nilimkuta kwenye duka la jirani yetu Mmeru anapewa dawa ya kiungulia ndani ya gazeti, na aliponiona aliificha kama mwizi wa simu. Nilicheka tu nikapita. Kila mtu alikuwa na ugonjwa wake wa Akoo, na kila mtu aliulisha vizuri. Hakuna aliyejua kundi lote. Na Akoo hangelitaja, siyo kwa ukaidi. Kwake kutaja magonjwa yote kwa pumzi moja ni kuuita ule wa mwisho, wa kuua.

Kwa ng'ombe ni akili kubwa. Kwa magonjwa ni balaa.

Saa ya kutembelea wagonjwa ilifika na abuya akaingia, koti lake la dalali likinuka mbuzi. "Salaam aleikum!" kwa wodi nzima, kama anagombea kiti. Mama akaja nyuma yake na thamosi, bado ana leso ya kazi. Walimsalimu Akoo, wakamwuliza habari za amani, amani ya mwili, amani ya usingizi, na Akoo akajibu yote ni amani, huku anavuta hewa kwa mabega.

Nilivuta kiti karibu. Nilijua nikikosea nitapigwa kofi la Kiborana mbele ya wagonjwa.

"Akoo, wale ng'ombe wako wakirudi jioni na mmoja hayupo, unajuaje?"

"Swali gani hilo?"

"Hukuwahesabu."

"Nani anahesabu? Namjua kwa rangi. Mwekundu hayupo, najua mwekundu hayupo."

"Basi niambie rangi. Siyo wa Oldonyiro. Hawa." Nikaweka mkono kifuani kwake, taratibu. "Hawa unaowalisha vidonge."

Abuya alikuwa wa kwanza kulipuka.

"Wewe msichana! Unataka mama yangu ahesabu magonjwa? Hapa? Kwenye kitanda cha hospitali? Huna adabu!"

"Sihesabu, abuya. Naita rangi."

"Utani wako peleka shule!"

"Wallahi si utani."

"Siku gani kwako si utani?"

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Mama alinishika bega, na kwa vidole vyake nilijua ananipa nafasi moja tu. Nikamgeukia Akoo. Macho yake yalikuwa juu yangu, na ndani yake niliona kitu kidogo, chembe ya ule ujanja wake. Yeye ndiye aliyenirithisha, watu wasidanganyike.

"Kuna mweusi," akasema. Akavuta pumzi. "Mzito. Fahali mzee. Akilala hainuki."

"Huyo ni moyo. Yuko kwa nani?"

"Kwa mama yako."

"Mwingine?"

"Mwekundu. Mkali, anaruka kichwani." Presha. "Mweupe, mlafi wa chai." Sukari, na mama akatabasamu licha ya yote. "Na kijivu kidogo, anachoma hapa juu ya tumbo. Huyo yuko dukani."

"Dukani wapi?" mama akauliza.

"Nyamaza, mama, atakimbia," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu mama alinyamaza nilipomwambia. "Mwingine, Akoo?"

Akoo alifunga macho. Ile soda ilikuwa inaisha, inaisha. Nilidhani amechoka. Kisha akageuza uso kidogo kuelekea kwa mwanawe.

"Wa madoadoa. Mpole. Huyo nampenda. Huyo ananiinua nikaswali. Yuko Chechelesi, kijana wangu anamchunga."

Chechelesi ni kwa abuya.

Tukamtazama wote. Abuya alikuwa ameangalia sakafu, na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umekaa huko kama umekwama.

"Abuya," nikasema. "Una nini mfukoni?"

"Si kitu. Ni ya magoti."

"Toa tuone."

"Ni ya maumivu tu! Ya kawaida! Kila mtu anakunywa!"

Alikitoa. Kipande cha vidonge, vya rangi ya waridi, nusu vimekwisha. Alieleza kwa kasi ya mnadani. Magoti ya mama yake yalikuwa yanamliza alfajiri. Baada ya yeye kutoka hospitalini mara ya mwisho, alimnunulia hivi kemisti, vikamsaidia. Kila Ijumaa Akoo akienda kumsalimu huko Chechelesi, anapewa vya wiki. Na kwa kuwa sasa amelazwa na Chechelesi hawezi kwenda, abuya amekuwa akimletea hapa, saa ya wageni, kimoja kimoja, na chai.

"Hapa?" mama akasema. "Juzi? Jana?"

"Goti linauma hata hospitalini!"

"Daktari anampa dawa zake, wewe unachanganya zako?"

"Nilijuaje? Kwani goti na moyo ni majirani?"

Nilikuwa nimeshainuka, katoni na vile vidonge mkononi, nikikimbia kwenye korido ambako maandishi ukutani yanasema usikimbie.

Daktari nilimkuta mlango wa wodi ya watoto. Nilimwonyesha kile kipande cha vidonge. Aligeuza, akasoma nyuma, na kitu kikabadilika usoni mwake, kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango wa kuvuta.

"Tangu lini?"

"Tangu alipotoka hapa mara ya mwisho."

Alirudi nami kwa hatua ndefu. Nilitarajia angemrarua abuya, na sitadanganya, nilikuwa nimejiandaa kufurahia kidogo. Hakumrarua. Aliiweka katoni juu ya kitanda, akaandika kwenye duara tupu: *goti*. Kisha akachora mistari, na mimi nikatafsiri, neno kwa neno, bila kuongeza hata chumvi.

Vidonge hivi vinatuliza goti. Lakini vinaziambia figo zishikilie chumvi na maji, na dawa ya kutoa maji inaishiwa nguvu. Presha inapanda. Moyo uliochoka unabebeshwa maji zaidi. Na vinakwangua tumbo, tumbo linavuja damu kidogo kidogo bila mtu kuona, damu inapungua, na moyo unalazimika kukimbia zaidi ili damu hiyo kidogo itoshe. Sukari havikuigusa.

"Je, choo chake kimekuwa cheusi?" daktari akauliza.

Nikamuuliza Akoo. Sikutaja mbolea. Akoo akasema ndiyo, kama lami, tangu wakati fulani, lakini nani anamwambia mtu jambo kama hilo.

Abuya alisikiliza akiwa amesimama. Mistari yote ilipokwisha kuchorwa, alikaa chini, palepale sakafuni, jitu zima la koti. Akajisemea kwa Kiborana, "Nilikuwa namlisha kisu."

"Ulikuwa unalilisha goti," daktari alisema nilipomtafsiria. "Kila mmoja wenu alilisha kitu alichopewa. Sasa tunasimamisha hivi. Nampa dawa ya kulinda tumbo, nafuatilia damu yake. Dawa ya maji inabaki kipimo kilekile. Tutasubiri."

"Na Nairobi?" mama akauliza.

"Ambulensi nimeiita. Ikifika na mkojo haujaja, nitawaomba tena mkubali aende. Siwezi kuahidi kwamba hatukuchelewa."

Basi tukasubiri. Kulikuwa na mfuko wa plastiki umening'inia chini ya kitanda, wenye mrija, na humo ndimo mkojo ungeingia. Watu wazima wawili na mimi tulikaa tukiutazama mfuko ule kama mpira wa fainali. Abuya alichuchumaa karibu kabisa. Mama alikuwa anapiga tasbihi, midomo inakwenda. Akoo alikuwa amefunga macho, na kila pumzi yake ilikuwa na shimo katikati, na kila shimo nilidhani ndilo la mwisho. Nilishika mguu wake. Nikabonyeza. Shimo likabaki. Nikangoja, nikabonyeza pengine.

Adhuhuri ikawa alasiri. Goti likaanza kumwuma Akoo. Niliona uso wake unavyojikunja, akauma leso, na mkono wake ukatoka kitandani, ukaenda kwa abuya, kiganja juu. Abuya alikitazama kile kiganja. Yeye ni mtu ambaye anaweza kukuuzia mbuzi wako mwenyewe, lakini hapo hakuwa na cha kuuza. Aliweka mkono wake mtupu ndani ya kile cha mama yake, na akalia bila sauti.

Nilitaka kufanya mzaha. Nilikuwa na mzaha tayari, mzuri, kuhusu mfuko. Sikuutoa.

Jua lilikuwa limeshaanza kuingia kwa dirisha la upande wa barabara tuliposikia gari likirudi nyuma uani. Ambulensi. Dereva alifungua mlango wa nyuma na ile sauti ya chuma ikapita wodi nzima. Akoo akafungua macho. Alikuwa ameisikia.

"Mwambie," akaanza.

"Naijua, Akoo. Punda."

Na abuya, ambaye bado alikuwa chini sakafuni, akasema, "Ngojeni."

Tukainama. Kwenye mrija kulikuwa na tone. Halafu jingine. Halafu mstari mwembamba wa manjano ukaanza kutembea, polepole, kama mbuzi wa mbele anayejua njia ya kisima, na wengine wakamfuata.

"Unakuja!" abuya akapiga kelele. "Daktari! Mkojo! Mkojo unakuja, mashallah!" Mgonjwa wa kitanda cha mbali, ambaye hakutujua, akapiga makofi.

Daktari alikuja, akapiga magoti kwa zile raba zake, akatazama. Hakusherehekea. Alisikiliza kifua, akatazama saa, akarudi kutazama mfuko. Alimwambia dereva asubiri. Baadaye alimwambia aende zake.

Akoo hakupona siku hiyo. Hii si hadithi ya kupona. Moyo wake bado ni fahali mzee, na daktari alituambia waziwazi kwamba hatakuwa kijana tena. Lakini maji yalishuka siku baada ya siku, mpaka vifundo vyake vikarudi kuwa vya swala, na siku moja nilibonyeza na shimo halikubaki. Alirudi nyumbani akiwa amekaa mbele ndani ya tuktuk, akimwelekeza dereva njia ambayo dereva aliijua.

Sasa dawa zake zote ziko ndoo moja, chini ya kitanda cha mama. Hata ile ya dukani ilirudishwa, mwenye duka mwenyewe aliileta, amejifunika leso kwa aibu. Kadi ya zahanati iko humo. Akienda kliniki, tunabeba ndoo. Daktari humuuliza, "Akoo, una magonjwa mangapi?" makusudi tu, na Akoo ananisonta kwa kidevu: muulize huyu rangi. Nami nazitaja, kuanzia mweusi, na daktari anaandika kwa lugha yake. Katika hizo rangi sifanyi mchezo. Nikimaliza, ndipo nafungulia mzaha wa mbolea.

Ile katoni niliiomba, nikaibandika ukutani juu ya kitanda changu, pale wenzangu wanapobandika wachezaji. Jina la duara la katikati bado linasomeka. Mistari minne yake daktari aliikata kwa kalamu nyekundu. Lakini duara lenyewe hakulikata, kwa sababu goti bado liko. Anapewa dawa nyingine, nyepesi, isiyoziudhi figo, na haitoshi. Alfajiri namsikia kupitia ukuta akijiinua kwa ajili ya swala, anaita majina ya Mungu na majina mengine ambayo si ya Mungu. Wa madoadoa alikuwa mpole kweli. Huo ndio ubaya wake.

Kila Ijumaa sasa abuya ndiye anayekuja Wabera. Kabla ya kuvua viatu, anasimama mlangoni, anapindua mifuko ya koti lake nje, yote, kama mwanafunzi aliyeshikwa na msako wa bweni, na vumbi la mbuzi linadondoka kwenye sakafu ambayo nimetoka kuipiga deki.

"Sina kitu, mama," anasema.

"Mashallah," Akoo anajibu. "Ingia."

Lakini mimi hukaa upande wa uso wa Akoo, kwa hiyo naona. Anapoitazama ile mifuko iliyopinduliwa, huitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.